Aliyelipa Atajwe

Ndugu zangu, mwishoni mwa makala ya kitabibu, ukishayapita majedwali na shukrani, kuna aya fupi iliyochapwa kwa herufi ndogo. Hapo watafiti hutamka ni nani aliyelipia kazi yao, na ni kampuni zipi zilizowahi kuwapa mshahara, hisa, ada ya ushauri au tiketi ya ndege. Wengi wetu hatuifikii aya hiyo. Daktari aliyechoshwa na foleni ya wagonjwa huishia kwenye muhtasari. Mwandishi wa habari hutafuta asilimia ya kuweka kwenye kichwa cha habari. Mgonjwa, ambaye ndiye atakayemeza dawa, hajui hata kama aya hiyo ipo. Na mara nyingine uzito wote wa makala umo humo, au umo katika jambo ambalo aya hiyo ilipaswa kulisema ikalinyamazia.

Chukueni habari ya sukari. Mwaka 1965 taasisi ya wenye viwanda vya sukari nchini Marekani, Sugar Research Foundation, iliwaendea wataalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Harvard. Siku hizo ubishi ulikuwa mkali kuhusu chanzo cha maradhi ya moyo: wapo walioyalaumu mafuta ya wanyama, wapo walioilaumu sukari. Taasisi ikaomba iandikwe makala ya kupitia tafiti zilizokwisha kufanywa, yaani ile aina ya makala ambayo daktari asiye na nafasi ya kusoma tafiti mia huisoma hiyo moja akatulia. Malipo yalikuwa dola 6,500, ambazo kwa thamani ya mwaka 2016 zinakaribia dola 50,000. Mtu wa taasisi hiyo, John Hickson, aliwapelekea wataalamu machapisho aliyotaka yajadiliwe, akaisoma rasimu, kisha akawaandikia kwamba ameridhika na kwamba hicho ndicho walichokuwa wanakitaka. Makala ikatoka mwaka 1967, kwa sehemu mbili, katika New England Journal of Medicine. Tafiti zilizoitia sukari doa zilipekuliwa kosa kwa kosa. Zilizoyashitaki mafuta zilipokewa kwa upole. Misaada mingine waliyopokea waandishi ilitajwa. Fedha za sukari hazikutajwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilinyamaza karibu miaka 50. Aliyekuja kuifichua ni daktari wa meno, Cristin Kearns, aliyekuwa akipekua barua na kumbukumbu za zamani katika maktaba za vyuo. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliichapisha habari hiyo mwaka 2016 katika JAMA Internal Medicine. Walioandika makala ya Harvard walikuwa wamekwisha kufariki dunia. Hawakuweza kujitetea, wala hawakuweza kutubu hadharani. Mmoja wao, Mark Hegsted, alikuwa amekwishashiriki katika kuandaa miongozo ya lishe ya serikali ya Marekani, miongozo ambayo nchi nyingine nyingi ziliitazama kama kielelezo.

Wapo wanaowatetea, na haki yao tuwape. Mwaka 2018 wanahistoria wawili, David Merritt Johns na Gerald Oppenheimer, waliandika katika jarida la Science kwamba wazee hawa wanahukumiwa kwa sheria ya zama nyingine. Mwaka 1967 hakuna aliyelazimika kutaja mfadhili. New England Journal of Medicine lenyewe lilianza kudai tamko hilo mwaka 1984. Zaidi ya hayo, wataalamu hao walikuwa wanaamini kuwa mafuta ndiyo yenye hatia kabla hawajashika senti ya sukari. Hoja hizi ni nzito na mwenye insafu hawezi kuzipuuza. Lakini mimi hoja ya pili inanitia wasiwasi zaidi kuliko kuniondolea. Ina maana mwenye fedha hakuhitaji kununua maoni ya mtu. Ilimtosha kumtafuta mwenye maoni yanayomfaa, akamlipia muda wake, akampa kipaza sauti, na wale wenye maoni tofauti wakabaki kusema kwa sauti zao za kawaida. Mtafiti wa namna hiyo anaweza kuapa kwamba hajadanganya hata neno moja, na kiapo chake kikawa cha kweli. Aliyepotoshwa ni msomaji, kwa kuwa hakuambiwa kwa nini sauti hii inasikika kuliko nyingine.

Na ubishi huu si wa Harvard peke yake. Sisi ambao kreti za soda ndizo heshima ya harusi, na msibani pia hazikosi, tumezika wangapi kwa kisukari? Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wanasayansi uliokuwa ukisisitiza mazoezi na kuweka kando suala la kile tunachokunywa. Mtandao huo ulivunjwa kabla ya mwaka kwisha, na Chuo Kikuu cha Colorado kikarudisha dola milioni moja. Mazoezi ni jambo jema, hakuna anayebisha. Ila nasaha njema ikitolewa na mwenye soda, nasi hatujui kuwa ametumwa na mwenye soda, huwa tumefichwa nusu ya nasaha.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba fedha ya kampuni ni najisi. Tungesema hivyo tungejidhulumu wenyewe. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwetu: Bagamoyo na Korogwe, Kilifi na Siaya, na katika nchi nyingine tano za Afrika. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na katika jaribio hilo kubwa wa kwanza kuchanjwa, mwaka 2009, walikuwa wa Bagamoyo. Chanjo ni ya kampuni ya GSK, na gharama zilibebwa na GSK pamoja na shirika la PATH kwa fedha za Taasisi ya Gates. Bila fedha hizo jaribio lisingefanyika, maana hakuna serikali yetu ambayo ingeweza kulibeba peke yake. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, ilielezwa waziwazi nani alilipa, na kwamba baadhi ya waandishi ni waajiriwa wa GSK wenye hisa katika kampuni hiyo. Msomaji akapewa nafasi ya kupima. Akitaka kusoma kwa jicho kali zaidi pale walipoeleza madhara, asome. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021, lilikuwa na takwimu nyingine mkononi kutoka kwenye chanjo iliyotolewa kwa watoto wa Ghana, Kenya na Malawi. Huu ndio mwenendo tunaoutaka: fedha imepokewa, imetajwa, na neno la mwisho halikuachiwa aliyelipwa.

Tunamjua dalali wa nyumba. Akiusifia mtaa kwamba maji hayakatiki na majirani ni watulivu, tunatabasamu, kwa kuwa tunajua kodi ya mwezi mmoja ni yake. Hatumchukii, ila maneno yake tunayapunguza wenyewe. Lakini iwapo anayekupeleka kuiona nyumba ni mjomba wako, na baada ya mwaka ukagundua kwamba alikatiwa chake na mwenye nyumba, utaumia kuliko ungedanganywa na dalali kumi. Mtafiti wa tiba anakuja kwetu kwa heshima ya mjomba. Tunamvulia kofia, tunamnyooshea mkono atoe damu, tunampa watoto wetu. Heshima hiyo ndiyo inayoifanya siri yake iwe khiyana, hata kama kiasi alichopokea ni kidogo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye nia, maana mwenye kupokea karibu wote husema jambo moja: mimi hainibadilishi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliowauliza madaktari waliokuwa mafunzoni California kuhusu zawadi za kampuni za dawa. Asilimia 61 walisema zawadi hizo haziathiri namna wanavyowaandikia wagonjwa dawa. Walipoulizwa kuhusu wenzao, ni asilimia 16 tu waliosema kwamba na wenzao nao hawaathiriki. Kila mmoja alikuwa anamwona jirani yake akiyumba. Ndugu zangu, haya si maradhi ya California. Nani kati yetu hajawahi kusema kwamba kula chakula cha mtu ni jambo moja na kuamua kwa haki ni jingine? Mla cha mwenzake na chake huliwa, walisema wazee. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu madaktari zaidi ya 279,000 ulionyesha kwamba hata mlo mmoja, wenye thamani isiyofika dola 20, uliambatana na daktari kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyomlisha. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mlo ndio uliomgeuza, labda kampuni iliwaalika walioipenda dawa tangu awali. Lakini kampuni hazina desturi ya kulisha watu bure mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana neno "sikukusudia" halitoshi. Mwaka 2018 José Baselga, mganga mkuu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering jijini New York, aliandikwa na New York Times pamoja na ProPublica kwamba katika makala zake nyingi hakutaja mamilioni ya dola yaliyotoka kwenye kampuni za dawa na afya. Alisema hakukusudia. Baada ya siku chache akajiuzulu. Mimi sina mizani ya kupima moyo wa marehemu huyo, na huenda alisema kweli. Basi na tuseme ni kweli: mtu mwenye elimu ile, aliyeongoza chama kikubwa cha watafiti wa saratani, alipokea kwa wingi kiasi cha kusahau kutaja. Hilo lenyewe ni la kuogofya. Fedha ya kwanza huja na haya. Ya kumi huja kama mshahara. Ya ishirini hata hatuioni ikiingia. Mwenye kusahau kutaja amekwisha kuzoea, na mazoea ndiyo yanayofisha haya.

Wenzetu Waislamu wanaijua habari ya yule mkusanyaji wa zaka aliyerudi kwa Mtume akagawa alivyoleta mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Akaulizwa, angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata huko? Wakristo nao wameonywa katika Torati kwamba rushwa huwapofusha hata wenye hekima. Nawaombeni swali lile la zaka tulichukue hivyo hivyo lilivyo tukaliweke mezani kwa mtafiti, na mezani kwa daktari pia. Hoteli ile ya ufukweni, semina ya siku mbili, posho, begi lenye jina la dawa: kama ningekuwa fundi cherehani, vingenifuata? Jibu likiwa hapana, basi havikunifuata mimi. Vilifuata saini yangu. Na saini yangu ni amana ya wagonjwa.

Tusidhani kwamba kampuni ndizo pekee zenye mikono mirefu. Februari 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, makala iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Mwaka 2004 mwandishi Brian Deer alifichua katika Sunday Times kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kwa kazi ya mawakili waliokuwa wanajiandaa kuzishitaki kampuni za chanjo, na kwamba baadhi ya watoto hao walitokana na wateja wa kesi hiyo. Malipo yake yalikuja kujulikana kuwa zaidi ya pauni 435,000. Makala ilifutwa mwaka 2010, na mwaka huo huo jina lake likaondolewa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Aliyekuwa anawaonya watu dhidi ya chanjo za kampuni alikuwa na fedha yake mfukoni, ya upande wa pili.

Na aliyelipa gharama hakuwa yeye. Jirani zetu Wasomali waliohamia Minnesota walikuwa miongoni mwa waliozingatia sana chanjo; mwaka 2004 zaidi ya asilimia 90 ya watoto wao walipata chanjo hiyo kwa wakati. Wakefield alikwenda kukutana nao huko zaidi ya mara moja, baada ya aibu yake kuwa imekwisha kujulikana dunia nzima. Kufikia mwaka 2014 waliochanjwa walikuwa kama asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikalipuka, watu 75 wakaugua, wengi wao watoto wa Kisomali. Wazazi wale siwalaumu. Walikuwa na watoto wenye usonji, walikuwa na maswali, na waliokuwa na majibu ya kweli walichelewa kuwafikia. Aliyewafikia mapema alikuwa na haiba na muda wa kuwasikiliza. Nauliza tu: kabla hajaanza kuzungumza, nani aliwaambia historia ya fedha zake?

Baada ya kusema haya yote, sina budi kusema na jambo linalopunguza utamu wake. Kutamka si kutawadha. Watafiti watatu wa Marekani, Cain, Loewenstein na Moore, walifanya jaribio walilolichapisha mwaka 2005. Waliwaonyesha watu chupa yenye sarafu kwa mbali, wakadirie thamani yake. Wengine waliruhusiwa kuisogelea chupa na kuwashauri wale wa mbali. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri makisio yalivyokuwa makubwa, yaani walikuwa na sababu ya kupotosha. Katika kundi moja siri hiyo ilibaki siri. Katika jingine ilitamkwa. Mngetarajia tamko liwasaidie wakadiriaji. Kumbe washauri waliotamka ndio waliozidisha chumvi, kana kwamba kusema kumewapa ruhusa: tumewaonya, shauri yenu. Wakadiriaji nao walipunguza, lakini hawakupunguza kiasi cha kutosha, wakaishia pabaya zaidi.

Hilo nadhani tunalielewa bila kupelekwa maabara. Tanzania viongozi wa umma hujaza kila mwaka fomu za tamko la mali na madeni, na hakuna anayedhani kwamba fomu iliyojazwa vizuri ni ushahidi wa moyo safi. Fomu inatupa mahali pa kuanzia kuuliza. Tangu mwaka 2014 serikali ya Marekani imekuwa ikiweka hadharani malipo ambayo kampuni za dawa na vifaa huwapa madaktari, na mtu yeyote anaweza kulitafuta jina la daktari wake. Ni sheria nzuri. Ila daktari aliyejiona amekwisha kutakasika kwa sababu jina lake limo kwenye orodha hiyo amelielewa tamko kama yule mshauri wa chupa. Zipo fedha za kupokea na kutaja. Zipo nyingine za kukataa tu, hasa pale mtoaji anapotaka aione rasimu kabla ya jarida, au apewe haki ya kuzuia matokeo yasiyompendeza. Mtafiti akisaini mkataba wenye kifungu hicho, aya ya herufi ndogo haitamwokoa.

Kwetu sisi tunaoishi na tafiti hizi majumbani, sehemu ya kuanzia ni fomu ya ridhaa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani uliopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho Edinburgh mwaka 2000, na tangu hapo linataka kila anayeombwa kushiriki aelezwe fedha zinatoka wapi na watafiti wana maslahi gani. Nawasemesha ndugu zangu mnaozifasiri fomu hizo kwa Kiswahili, na vijana wetu mnaozunguka nazo vijijini. Msimpe mama vifupisho vya majina ya mashirika mkadhani mmemweleza. Kaeni naye mumwambie kwa maneno ya kawaida: dawa hii ni mali ya kampuni fulani, kampuni hiyo ndiyo inayolipia utafiti, ikifaulu itaiuza, na mimi ninayezungumza nawe mshahara wangu unatoka kwenye mradi huu. Ataelewa. Mwanamke anayekaanga vitumbua alfajiri anaujua mtaji na faida kuliko wengi wetu tulioshika kalamu. Akitaka kwenda kushauriana na mumewe au dada yake, apewe muda huo, na akirudi na jibu la hapana lipokelewe bila kununiwa, na mwanawe atibiwe kituoni kama watoto wengine.